Zambarau Imetangulia

2 Septemba

Joto lile lile. Nyuki wamemaliza maji ya sukari kabla ya saa nne asubuhi. Baba ameuliza upepo unatoka upande gani, nikamjibu hakuna upepo, akasema, "Basi hujatoka nje." Ni kweli, sikuwa nimetoka.

3 Septemba

Joto. Shangazi ameshinda sakafuni, anasema saruji ndiyo ndugu pekee aliyembakia.

6 Septemba

Mvua! Naandika tena ili niamini mwenyewe: mvua, mwezi wa tisa. Mtangazaji wa redio alikuwa anatuambia leo jua litakuwa kali kupita kiasi, na maji yalikuwa yanavuja kutoka darini yakiidondokea redio hiyo hiyo. Shangazi akaisukuma chini ya meza bila kuizima. Mtangazaji akaendelea kutuahidi jua akiwa huko chini.

Mvua ya kwetu ni ya Novemba. Inanyesha mara chache tu, kisha uwanda ulio nyuma ya nyumba, ambao mwaka mzima ni mchanga na mawe matupu, unafunikwa na maua mpaka huoni pa kukanyaga. Sisi tunafuga nyuki, na nyuki wanaishi kwa maua hayo. Ndiyo kazi yetu, hatuna nyingine.

Baba aliketi kitandani akasikiliza bati. "Hiyo si mvua," akasema.

"Ni nini sasa, Baba?"

"Mvua naijua inavyokuja, na hiyo siyo."

Tukakaa tunaisikiliza hiyo isiyo mvua mpaka jioni.

11 Septemba

Kaka amepiga simu kutoka mjini. Yeye ni dereva wa lori, na ndiye anayetuhamishia mizinga kila msimu. Ameuliza habari za Baba, na kabla sijajibu akaanza yake. Mwaka jana tulipoteza nusu ya nyuki. Baba haoni tena. Homa ya Julai imemlaza kitandani. Nyumba ina vyumba vinavyovuja na watu watatu wasiojua kuziba bati. Yote kweli tupu, ndiyo maana yaliniudhi.

"Msimu huu ndio wa mwisho kujaribu, mdogo wangu," akasema. "Nyuki wakifa tena, au Baba akianza kuchanganya mambo, nakuja na lori nawachukua wote. Nina chumba cha kumtosha."

Chumba chenyewe kiko ghorofa ya nne. Nimewahi kulala humo. Ukifungua dirisha unaona dirisha la jirani, na jirani naye anakuona.

Nikamwambia Baba hachanganyi chochote, akili yake ni kali kuliko zetu sote. Nilipokata simu, Shangazi, ambaye ni dada yake Baba na masikio yake hayana likizo, aliniuliza, "Umesema kali au umesema kidogo?" Nikamtupia kitambaa cha vyombo.

15 Septemba

Uwanda una vijani vidogo, vyembamba mno. Ukisimama unaviona, ukiinama huvioni. Sielewi.

22 Septemba

Lazima niandike leo yote, kwa sababu kesho nitajidanganya kwamba hayakutokea.

Kwanza utaratibu, maana nataka kuuona ukiwa umeandikwa. Baba ametufundisha tangu tukiwa wadogo. Maua ya uwandani yanakuja kwa zamu. Njano ndiyo inafungua msimu. Njano ikitoka, tunaitoa mizinga nyumbani tunaipeleka uwandani, na tunajua kwamba mvua bado iko njiani. Katikati inakuja Nyeupe. Mwisho kabisa inakuja Zambarau, na Zambarau ikifunguka, mvua imekwisha na upepo wa moto uko karibu. Hapo mizinga inahamishiwa korongoni, penye kivuli na chemchemi, la sivyo nta inayeyuka na nyuki wanakufa humo ndani. Mwaka jana tulingoja Zambarau haikutoka kabisa. Upepo ulikuja bila kubisha hodi, na asubuhi yake tulikuta asali inachuruzika chini ya masanduku ikiwa na nyuki waliokufa. Baba aliuliza ule unyevu ni wa nini. Shangazi ndiye aliyemwambia, mimi sikuweza.

Sasa leo. Nimekwenda uwandani asubuhi, nimepanda kile kilima kidogo cha mawe, nikatazama. Zambarau. Uwanda wote zambarau, mpaka kwenye vilima. Nimetafuta Njano kama mtu aliyeangusha pete. Hakuna hata moja. Msimu haujaanza na alama ya mwisho wake imeshafika.

Nikachuma fungu, nikalifunga uzi, nikarudi nyumbani nikipanga maneno. Baba alikuwa ameshageuza uso mlangoni.

"Ee, mwanangu. Njano imetoka?"

Nilimtazama. Tangu homa ile anakaa na blanketi mpaka kifuani, mikono yote ndani, hata siku ya joto la kuchemka. Anasema anahisi baridi. Sijui baridi gani hiyo. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu mwaka jana. Nikafikiri: nikimwambia Zambarau imetangulia, kila anachokijua kimekufa leo. Na Kaka akisikia, atasema Baba ndiye aliyechanganya.

"Imetoka, Baba," nikasema. "Uwanda mzima njano."

"Lete ninuse."

Pua ya Baba haina mfano. Tangu macho yaondoke anatuambia kila siku kwamba pua peke yake inatosha kuendesha kazi hii. Nikamsogezea fungu puani, nikangoja anipige kibao cha maneno. Akavuta pumzi ndefu. Akavuta tena.

"Naam," akasema. "Njano yenyewe. Mpigie kaka yako."

Shangazi alikuwa mlangoni na sufuria. Alitazama maua, akanitazama mimi, akatazama maua. Kisha akafikicha macho akaenda zake jikoni.

Sielewi kilichotokea. Ama Baba ananipima, ama mimi ndiye sijui rangi.

27 Septemba

Kaka alifika alfajiri, giza likiwa bado. Tulishaziba milango ya mizinga kwa matambara tangu jioni. Yeye anaogopa nyuki tangu utotoni, walipomuuma mdomo ukavimba shule nzima ikamcheka, kwa hiyo anaendesha na vioo vimepandishwa na hashuki hata kwa dawa. Tulipofika uwandani kulikuwa kunaanza kupambazuka.

"Hayo ndiyo ya kwanza?" akaniuliza kupitia kioo.

"Ndiyo ya kwanza," nikasema. Hilo halikuwa uongo.

Kwake ua ni ua tu. Alimshukuru Mungu akageuza lori.

3 Oktoba

Nyuki wanafanya kazi vizuri. Wanarudi na chavua ya buluu miguuni. Baba anauliza wanarudi na nini, namwambia chavua ya manjano. Uongo ukishaufungulia mlango unaleta na watoto wake.

5 Oktoba

Baba amesema, "Njano ya mwaka huu ina harufu nzito kidogo." Kutwa nzima nimejiuliza alikuwa na maana gani.

9 Oktoba

Ukungu. Ukungu huku! Baridi imeingia mpaka kwenye mifupa. Nimetoa koti lililokuwa chini kabisa ya sanduku. Nyuki hawakutoka.

Shangazi ameniuliza koti langu lina rangi gani. Nimemwambia kijivu. Ameitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesomewa hukumu.

14 Oktoba

Upepo wa moto. Jana koti, leo napepea shingo kwa mfuniko wa sufuria. Zambarau yote imekauka kwa siku moja, uwanda umebaki kahawia. Nimeshinda na ndoo nikimwagia maji matambara yaliyofunika mizinga. Nta imelainika lakini haijayeyuka. Baba amesikia upepo akaniuliza mbona umewahi. Nikasema ni upepo wa kawaida tu.

15 Oktoba

Baridi tena. Nimeacha kupanga nguo, ninatupa zote kitandani nachagua kila saa.

20 Oktoba

Manyunyu. Shangazi: "Hii shuka ni nyekundu, sivyo?" Ni nyekundu. "Na lile kopo?" Kijani. "Asante," akasema, akakaa chini kama aliyechoka. Nimeanza kumwogopa. Nyumba hii ina mtu mmoja asiyeona na mwingine anayeuliza rangi, na mimi ninayeona sijui ninachokiona.

28 Oktoba

Nyeupe imetoka! Imetoka katikati, mahali pake. Nimekimbia njia nzima na fungu mkononi. "Nyeupe, Baba!" nikapiga kelele kabla ya kuvua viatu. Akanusa, akasema ndiyo, Nyeupe. Siku moja tu ya kusema kweli na leo nitalala usingizi wa mtoto.

2 Novemba

Masega yanajaa. Baba amekunywa chai mbili na kumtania Shangazi kwamba ameanza kutembea kama bata. Shangazi hakujibu. Si kawaida yake kuacha deni la utani.

8 Novemba

Njano.

Nimekaa kwenye mawe mpaka jua likaniunguza shingo. Njano kila upande, ile yenyewe, yenye bua lenye utomvu. Imekuja mwisho, mahali pa Zambarau. Na mimi nilishamwambia Baba kwamba Njano imekuja na imekwenda. Sasa namwambia nini? Kwamba imerudi kuchukua kitu ilichosahau?

Nilijipa moyo kwamba leo nitasema kweli. Nimerudi nikiwa nimejiandaa kabisa. Baba akasema kabla yangu, "Leo ni Zambarau, najua. Nimeihesabu kichwani."

Nikasema, "Ndiyo, Baba. Zambarau."

Lakini nilifanya kitu kimoja, na nataka kiandikwe. Nilimsogezea fungu puani, nikalishikilia hapo kwa makusudi muda mrefu. Nikasema moyoni: pua yako iseme. Ukisema hii ni Njano, nitapiga magoti nikueleze yote. Yeye ndiye anayejua, mimi mpashaji habari tu.

Akavuta pumzi. Akatabasamu.

"Zambarau," akasema. "Msimu umekwisha salama. Mizinga iende korongoni kabla ya upepo."

Nimerudi chumbani nikakaa na ua moja gotini. Ni la njano. Lakini pua yake ilikubali mara ya kwanza na imekubali leo. Labda harufu zimehama. Labda msimu haujali rangi, la mwisho ni la mwisho tu hata likija limevaa nguo ya la kwanza, na Baba ananusa msimu wenyewe wakati mimi natazama nguo. Kwa kweli nimejieleza hivyo mpaka nikaelewa. Upepo wa moto si ulishakuja mara moja? Utarudi. Baba anajua.

12 Novemba

Mizinga yote iko korongoni, juu ya mawe, karibu na chemchemi. Kuna kivuli kizuri. Kaka alisema kupitia kioo, "Naona mzee bado yuko vizuri." Nilifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa na kitu kama mchanga ndani yake.

14 Novemba

Hakuna upepo. Hewa imesimama.

15 Novemba

Mawingu nyuma ya vilima, yamejipanga, hayasogei. Redio inasema mvua za wastani. Sijui wastani wa nini na nini. Shangazi amekwenda zahanati asubuhi bila kusema anaumwa nini.

16 Novemba

Mikono imevimba, naandika polepole, lakini naandika.

Asubuhi Shangazi alinikuta napima sukari ya nyuki. Akavuta kigoda akaketi mbele yangu, karibu sana.

"Jana nilikwenda kwa daktari wa macho," akasema. "Nikamwambia, daktari, mimi nachanganya rangi. Naona zambarau, watu wenye akili timamu wawili wananiambia njano. Naona njano, wanasema zambarau. Akanipima mchana kutwa. Unajua kaniambia nini?"

"Sijui, Shangazi."

"Kaniambia macho yangu ni mazima kuliko yake. Sasa we mtoto, nieleze. Tangu Septemba naamka naogopa kwamba nitapofuka kama ndugu yangu. Nimekuwa napika nikihesabu hatua za jikoni, najizoesha. Yale maua yalikuwa ya rangi gani?"

Nikalia. Nilimweleza yote pale pale, sukari ikimwagika. Sikuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na jicho la tatu chumbani. Shangazi alinisikiliza, akanipiga kofi moja la bega, la nguvu, kisha akanifuta uso kwa kanzu yake.

"Simama," akasema. "Twende kwa mwenye nyuki."

Baba alitusikia tukiingia, akajua kuna jambo. Nikasema bila kuzunguka, kwa sababu ningezunguka nisingefika. "Baba, nilikudanganya. Zambarau ndiyo iliyotangulia. Njano ndiyo imekuja mwisho. Iko wazi sasa hivi, uwanda mzima."

"Njano? Leo?"

"Leo."

Uso ulimshuka. "Basi mvua iko nyuma yake, na ni kubwa. Njano haifunguki bure. Mizinga iko wapi?"

"Korongoni, Baba. Wewe ulisema."

"Nilisema kwa sababu wewe ulisema."

"Na mimi niliamini kwa sababu ulinusa!" Sauti ilinitoka kwa ukali, nami sikuizuia. "Nilikuletea mpaka puani, Baba. Mara zote. Ukasema ndiyo. Nilidhani unajua kitu nisichokijua."

Redio ilikuwa inasema kitu jikoni. Baba akageuza uso ukutani.

"Sinusi kitu, mwanangu," akasema. "Tangu homa. Chai yenu nakunywa kama maji ya moto. Nilikuwa nanusa sauti yako tu. Ukija na furaha nasema ndiyo."

Sijui kama nilikasirika au nilimhurumia. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtikisa, vyote kwa pamoja. Nilimwona mtu mzima akivuta pumzi mbele ya fungu la maua, akitafuta humo kitu ambacho hakipo, na mimi nikimtazama nikisubiri hukumu. Kila mmoja alikuwa ameegemea mwenzake akidhani ni ukuta.

"Nendeni," Baba akasema. "Mbona mmesimama?"

Nilimpigia Kaka, alikuwa mbali na mzigo wa saruji, akasema anageuza. Tukachukua mkokoteni, kopo la moshi na matambara, mimi na Shangazi, ambaye hajawahi kugusa mzinga maisha yake yote. Mchana kweupe si wakati wa kuhamisha nyuki. Wengi wako nje, na wanaorudi wakakuta nyumba haipo hawaulizi nani kaitoa, wanauma aliye karibu. Aliye karibu alikuwa Shangazi. Alikuwa anawatukana nyuki kwa matusi ambayo sikujua anayajua, huku anabeba. Tuliinua sanduku, tukaliweka, tukasukuma mkokoteni mpaka juu ukingoni, tukarudi. Mvua haikuwa imetufikia. Ilikuwa inanyesha kwenye vilima, tuliiona imening'inia huko, nyeusi.

Kisha chemchemi ikageuka rangi. Shangazi ndiye aliyeona. "Mwanangu," akasema, "hayo maji ni ya kahawia, na safari hii sikuulizi."

Tulitoka na mizinga minne. Maji yalikuja na sauti ya lori lenye mawe. Tulisimama ukingoni tukaona masanduku yanainuka moja baada ya jingine, yanazunguka, yanagongana, yanakwenda. Nyuki walikuwa hewani juu yake wakiyafuata. Walifuata mpaka kwenye kona, halafu sikuwaona tena.

Kaka alifika maji yakiwa bado yanapita. Alitutazama tulivyovimba. Hakusema "niliwaambia", na nilitamani aseme, ili nipate wa kugombana naye.

17 Novemba

Mvua.

18 Novemba

Baba amemwambia Kaka kosa ni lake. Mimi nikasema ni langu. Shangazi, jicho moja likiwa limefunga kwa uvimbe, akasema tukimaliza kugombea kosa tumwambie, yeye anachemsha chai.

20 Novemba

Tunafunga mizigo. Kaka anavunja kitanda cha Baba kwa bisibisi. Mizinga minne iko nyuma ya nyumba, kuna mtu wa mjini atakuja kuichukua. Nimekunja koti, nimelikunjua, nimelikunja.

21 Novemba

Asubuhi lori lilikuwa limejaa. Baba alikuwa mbele, katikati, kati yangu na Kaka, blanketi mpaka kifuani. Shangazi alikuwa nyuma kwenye magodoro kwa sababu alisema huko mbele hakuna anayejua kusema kweli.

Tulipofika mwisho wa ukuta wa nyumba Baba akasema, "Simama hapa uwandani."

"Baba, njia ni ndefu," Kaka akasema.

"Simama."

Kaka alisimamisha lori. Nilishusha kiti, tukamweka Baba juu yake katikati ya maua. Kaka alirudi ndani akapandisha vioo. Nikachuma ua, na kwa mazoea nikampelekea puani.

"Acha pua," Baba akasema.

Akatoa mikono. Sijaiona mikono ya Baba tangu Julai. Ilikuwa inatetemeka, si kidogo, yote miwili, mpaka viwiko. Ndiyo hiyo baridi. Ndiyo maana Shangazi alikuwa anamnywesha chai na kunifukuza chumbani. Akaifungua, viganja vikatazama juu, na vikawa vinarukaruka hapo mapajani kama vifaranga.

Nikamwekea ua. Vidole vikafunga juu yake polepole. Kwa kidole gumba akatafuta jani, kisha bua, akalivunja, akagusa utomvu.

"Njano," akasema.

Nikamwekea jingine. "Nyeupe," akasema, mara moja, kabla sijaondoa mkono.

Hata mtoto wa miaka mitano angelifikiria hilo. Baba angeweza kunijibu Septemba, siku ile ile, kama ningeweka ua mkononi mwake badala ya puani.

"Kwa nini hukuniwekea mkononi?" akaniuliza, si kwa ukali.

"Kwa nini hukuitoa?"

Nikainama nikamchumia jingine, dogo, la rangi kati ya kutu na waridi, lililoota karibu na mguu wa kiti. Baba alilishika muda mrefu kuliko yote. Alipitisha petali kwenye mdomo wa chini.

"Hili silijui," akasema.

"Wala mimi silijui, Baba."

"Limetoka wapi?"

"Sijui."

Sikumbuki lini nyumba yetu ilisikia neno hilo kutoka kwa Baba. Nilitegemea liniogopeshe. Halikuniogopesha, nikaketi mchangani kando yake.

Mlango wa lori ulifunguka. Kaka alishuka. Alisimama katikati ya maua, mabega yamepanda mpaka masikioni, nyuki mmoja akimzunguka kichwa, na alikuwa anatazama mikono ya Baba.

"Sasa tunakwenda au hatuendi?" akauliza, lakini sauti yake haikuwa ya mtu mwenye haraka.

"Ile minne iko wapi?" Baba akasema.

"Nyuma ya nyumba."

"Iletwe hapa."

"Huu ni mwanzo wa msimu au mwisho wake, Baba?"

"Sijui. Iletwe, tuone."

Kaka akamtazama Shangazi juu ya magodoro. Shangazi akasema, "Usinitazame mimi, mimi macho yangu ndiyo yaliyokuwa mabovu." Kaka akacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike, kisha akasema maneno ambayo nayanukuu ili asije akayakana: "Nawapa mpaka maua haya yakauke. Yakikauka na nyuki wakiwa hai, mnabaki. Wakifa, mnapanda lori bila kunisimamisha popote."

Nyuki akamuuma sikio alipokuwa anamaliza. Alipiga kelele lakini hakukimbia.

24 Novemba

Mizinga minne uwandani. Nyuki wanarudi na chavua ambayo rangi yake sijui niiteje. Nimempaka Baba kidoleni, ameionja, amesema naye hajui.

26 Novemba

Baridi asubuhi, joto mchana, mvua jioni. Shangazi amevaa vyote.

29 Novemba

Mzinga mmoja ulikuwa kimya. Tumeufungua kwa hofu. Wamo, wamejikunja kwa baridi. Tumewafunika na blanketi la Baba. Amesema halihitaji tena.

1 Desemba

Ukungu umeondoka mapema. Nimerudi kutoka uwandani, Baba ameketi mlangoni, mkono ameshaunyoosha, unatetemeka. Sikumwambia ni ua gani. Nimemwekea ua kiganjani. Amelishika, amelipapasa jani lenye manyoya, uso umemjaa mashaka, akalipapasa tena.

"Zambarau?" akaniuliza. "Sasa hivi?"

Nimelitazama vizuri kabla ya kujibu, mkononi mwake, kwenye mwanga.

"Zambarau, Baba," nikasema, na ilikuwa zambarau.